Umeambiwa uchague seva: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu Mastodon na jamaa zake

Tangu mwishoni mwa 2022, Twitter ilipopata mmiliki mpya na watu wakaanza kutafuta pa kuhamia, nimewashika mkono watu kadhaa kuingia Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter lakini usio na mwenye mali mmoja. Karibu wote wamekwama mahali pamoja: kabla hawajaandika hata salamu, wanaambiwa wachague seva. Binamu yangu aliitazama orodha ile kama dakika tano, akasema ni kama kuulizwa utazikwa wapi kabla hujazaliwa, akarudi zake WhatsApp. Maswali yafuatayo ni ya watu hao. Majibu ni yangu, na mengine nimeyabadilisha zaidi ya mara moja kadiri nilivyokosea.

Kwani seva ni nini hapa? Si kompyuta tu?

Ni kompyuta, ndiyo, mara nyingi ya kukodi, na nyingi ziko Ujerumani na Ufaransa. Lakini anayeuliza hivi huwa ana Facebook kichwani, ambako kompyuta ni maelfu na mwenye mali ni mmoja. Hapa kila seva ina mwenyewe. Eugen Rochko aliitoa Mastodon mwaka 2016 huko Ujerumani ikiwa programu huria: yeyote anaweza kuichukua, akaiweka kwenye kompyuta yake, akaipa jina la kikoa, yaani anwani yake ya mtandaoni, na kuanza kupokea watu. Seva hizo huzungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha Januari 2018. Ndiyo maana mtu wa seva moja anaweza kumfuata wa seva nyingine, kama mwenye Gmail anavyoandikiana na mwenye Yahoo. Wakenya wana neno zuri la mpangilio huu, ugatuzi, ila hapa hakuna Nairobi ya kugawa fedha.

Mfano wa barua pepe kila mtu huutumia, nami nautumia, lakini unaishia njiani. Mwenye Gmail hawaoni wateja wengine wa Gmail. Mastodon unawaona. Mimi naona inafanana zaidi na nyumba ya kupanga ya Magomeni: kila mtu na chumba chake, korido moja, ua mmoja, bomba moja. Marafiki zako wanaweza kuwa mji mzima, ila ukigombana watakaosikia kwanza ni wa nyumba ile, na atakayeamua nani asipite mlangoni ni mwenye nyumba.

Kama seva zote zinazungumza, inanihusu nini niko ipi?

Wengi watakujibu kwamba haikuhusu, chagua yoyote. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo mwaka mzima. Sasa najibu kwamba siku za kawaida haikuhusu sana, na siku ya ugomvi inakuhusu kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza kuna mlisho wa ndani, ule unaoonyesha machapisho ya wenzako wa seva moja. Kwenye seva ya watu mia tatu wanaopenda kitu kimoja, mlisho huo ni baraza: unapita, unasikia, unatia neno, unajulikana. Kwenye seva ya watu laki kadhaa ni stendi ya mabasi, hakuna anayeisikiliza.

La pili wageni hawalijui, na hata wenyeji wengi hawalijui. Seva yako haiujui mtandao mzima. Inayajua machapisho ya watu wake, ya wale wanaofuatwa na angalau mtu mmoja wa hapo, na yale ambayo watu hao wameyasambaza. Baadhi ya seva hujiunga na vituo vya kupokezana machapisho ili zione zaidi, lakini msingi ni huo. Kwa hiyo ukitafuta alama ya reli fulani, kwa mfano #taarab, watu wawili wa seva mbili wanaweza kupata majibu tofauti kabisa kwa dakika ileile. Mmoja anaona mazungumzo, mwenzake anaona ukurasa mtupu na kuamini kwamba hakuna anayeongea. Hapo seva imeshakuchagulia dunia kabla hujamfuata mtu.

La tatu ni orodha ya seva ambazo msimamizi wako amezikata. Hilo nalirudia chini, maana ndilo lenye visa.

Kuna seva iliyowahi kweli kuwafinyanga watu wake, au ni maneno tu?

Zipo, na mbili za mwanzo zilifanya hivyo kwa mzaha mtupu. Oulipo.social ilikataza herufi E. Chapisho lenye herufi hiyo halikupita. Dolphin.town ilifanya kinyume: hakuna cha kuandika isipokuwa herufi E. Watu waliingia, wakaandika eeee, wakajibiana eeee, na nasikia walielewana. Ni vichekesho, lakini vinaonyesha wazi kitu ambacho seva kubwa hukificha: kanuni iliyoandikwa ndani ya programu huamua mazungumzo ya aina gani yanawezekana.

Wapo walioichukua hoja hiyo kwa uzito. Darius Kazemi alianzisha friend.camp mwaka 2018, seva ya watu kadiri ya hamsini wanaofahamiana, kisha akaandika mwongozo wa kuendesha seva ndogo kama hiyo. Aliitengeneza pia Hometown, aina ya Mastodon iliyobadilishwa kidogo, ambamo unaweza kuandika chapisho lisilotoka nje ya seva. Badiliko hilo moja lina uzito mkubwa. Kwenye Mastodon ya kawaida kila unachoandika hadharani kinaweza kusafiri kokote, kwa hiyo unaandika ukijua unasikika barabarani. Ukiwa na chapisho la ndani tu, watu huanza kuulizana nani ana fundi mzuri wa jino na kusimuliana ya wakwe zao. Jamii nyingi huishi kwa mazungumzo hayo madogo.

Halafu kuna social.coop, ya tangu 2017, ambayo ni ushirika. Wanachama wanachangia fedha, wanajadili na kupigia kura mambo yao kwenye Loomio, jukwaa la mtandaoni la kufanyia maamuzi, ikiwemo seva ipi ikatwe na ipi iachwe. Inachosha kidogo, aliyewahi kukaa mkutano mkuu wa SACCOS anajua. Lakini mwanachama wa pale akikasirishwa na uamuzi ana mahali pa kusimama na kusema. Kwenye seva nyingine anayekasirika ana mlango wa kutokea tu.

Mimi niko mastodon.social na sijaona jamii yoyote. Tatizo ni langu?

Hapana. Mastodon.social ndiyo seva aliyoianzisha Rochko mwenyewe na ndiyo kubwa kuliko zote. Tangu Mei 2023 programu rasmi ya simu humpeleka mgeni huko asipotaka kuchagua. Walifanya hivyo kwa sababu za kina binamu yangu: watu walikuwa wanaikimbia ile orodha. Siwalaumu. Lakini mlisho wa ndani wa huko ni stendi niliyoisema, na jamii utakayopata ni ile utakayoiunda mwenyewe kwa kuwafuata watu mmoja mmoja.

Ukubwa wake una athari nyingine. Seva ndogo ikilea watukutu, wenzake huikata bila kusita. Kuikata mastodon.social ni kuwapokonya watu wako nusu ya marafiki zao, kwa hiyo wasimamizi wengi huvumilia kutoka huko mambo ambayo wasingeyavumilia kwa mdogo. Tembo hafukuzwi shambani kama mbuzi.

Hiyo "kukatana" ni nini, na kwa nini inazua ugomvi mkubwa hivyo?

Msimamizi ana hatua kuu mbili. Anaweza kuinyamazisha seva nyingine, yaani machapisho yake yasionekane hadharani isipokuwa kwa wanaofuata watu wa huko, au kuikata kabisa. Ikikatwa kabisa, ufuasi kati ya watu wa seva hizo mbili unavunjika. Unaamka asubuhi rafiki yako hayupo, na wala hamkugombana.

Gab ni mfano ambao haukuleta ubishi mwingi. Mtandao huo wa Marekani, unaojulikana kwa kuwahifadhi wabaguzi, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon Julai 2019, na kwa hesabu ya watu ukawa ghafla miongoni mwa seva kubwa. Karibu kila mtu aliukata. Waundaji wa baadhi ya programu za simu, Tusky ikiwemo, waliwazuia hata watu wake kuingia. Programu huria humruhusu yeyote kujenga nyumba mtaani, lakini majirani hawalazimiki kumfungulia.

Kisa cha Wajapani ni kigumu zaidi. Aprili 2017 kampuni ya Pixiv, ya wachoraji, ilifungua pawoo.net, nayo ikavimba kwa siku chache. Kulikuwa na michoro inayoruhusiwa kisheria Japani na isiyoruhusiwa katika nchi nyingi za Ulaya. Tatizo ni kwamba ukimfuata mtu wa seva nyingine, seva yako huhifadhi nakala ya picha zake. Msimamizi wa Ufaransa angejikuta na picha za kumfikisha polisi kwenye kompyuta aliyoikodi yeye. Seva nyingi zikakataa picha za pawoo au zikaikata yote. Hapakuwa na anayemchukia Mjapani. Sheria za nchi mbili zilikutana kwenye diski moja. Matokeo yake upande wa Kijapani na upande wa Magharibi wa Mastodon vikakua vikiwa na ukuta kati yao.

Cha tatu nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakina mwovu. Juni 2023 watu walikuwa wanaikimbia Reddit kwa ajili ya bei mpya ilizowatoza watengenezaji wa programu, wakahamia Lemmy, ambayo ni mabaraza yanayotumia itifaki hiyohiyo. Beehaw ilikuwa seva ya Lemmy inayomhoji kila anayetaka kujiunga. Ilitaka kuwa mahali pa upole. Lemmy.world na sh.itjust.works ziliacha milango wazi. Wageni wakamiminika Beehaw kupitia huko, wasimamizi wa Beehaw walikuwa wachache mno, na zana za Lemmy za kuzuia mtu zilikuwa bado changa. Wakazikata zote mbili. Waliokuwa Lemmy.world wakajiona wametukanwa. Waliokuwa Beehaw wengi wakashukuru. Baadhi ya mabaraza makubwa ya Lemmy yalikuwa Beehaw wakati huo, na kwenye Lemmy baraza huishi kwenye seva fulani, kwa hiyo waliokatwa walipoteza mabaraza yenyewe, si watu tu. Walichofanya ni kufungua mengine yenye majina yaleyale upande wao. Mtu anayesema seva haiundi jamii nitampa kisa hiki asome.

Seva yangu inaweza kufungwa?

Inaweza, na pengine itafungwa. Ya kwanza niliyojiunga mimi ilizimika bila kwaheri. Nilidhani ni mtandao wa simu, nikawasha na kuzima kwa siku mbili. Wafuasi, picha, mazungumzo na mtu mmoja wa Muscat ambaye sikuwa na anwani yake nyingine, vyote vikaenda. Sikuwa nimehifadhi hata orodha ya niliowafuata.

Wengine huaga. Mastodon.lol ilikuwa na watu takribani 12,000. Februari 2023 mwenyewe alitangaza kwamba amechoka na chuki alizokuwa akipokea kutokana na malumbano juu ya mchezo mmoja wa kompyuta, akatoa miezi kama mitatu watu wahame, na Mei ikawa basi. Botsin.space, iliyokuwa nyumba ya roboti, yaani akaunti zinazojiandikia zenyewe, za kuchekesha na za taarifa, ilifungwa Desemba 2024 kwa kuwa mwendeshaji alielemewa.

Ya queer.af ni ya aina yake. Mwisho wa jina lake, .af, ni wa Afghanistan. Februari 2024 serikali ya Taliban, inayosimamia vikoa hivyo, ikalisimamisha jina la seva hiyo. Kompyuta ilikuwa nzima, data zipo, wasimamizi wapo, ila jina halipo, na kwenye mtandao huu jina ndilo mtu mwenyewe. Ukiona seva ina mwisho wa nchi fulani kwa sababu unapendeza kimaandishi, kumbuka nchi hiyo ina waziri.

Ukurasa wa joinmastodon.org huorodhesha seva zilizokubali masharti manne: kuusimamia kikamilifu ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa mashoga, kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na mtu wa pili mwenye funguo za dharura, na kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya kufunga. Ahadi si dhamana, lakini hilo la mtu wa pili mwenye funguo lingeniokoa mimi. Kabla ya kujiunga popote nauliza wasimamizi ni wangapi.

Nikihama napoteza nini?

Wafuasi wanakuja nawe, wenyewe, bila kufanya lolote. Unaowafuata, uliowazuia na uliowanyamazisha unawapakua kama faili na kuwapakia upya. Machapisho yanabaki ulikotoka. Ukishahama, kuna siku 30 za kungoja kabla ya kuruhusiwa kuhama tena. Na seva zote mbili lazima ziwe hai wakati unahama, jambo ambalo linamwacha nje yuleyule aliyelihitaji zaidi. Pakua orodha yako leo. Inachukua dakika moja kwenye mipangilio.

Msimamizi anaweza kusoma jumbe zangu za faragha?

Ndiyo. Mastodon yenyewe inakuonya kwamba hazijafungwa kwa fumbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Na si msimamizi peke yake: Mei 2023 FBI ilipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa kolektiva.social kwa jambo lisilohusu seva, ikaondoka na nakala ya hifadhidata ambayo haikuwa imefungwa. Ya siri peleka Signal.

Bluesky sikuulizwa seva. Wao wamelitatua?

Wamelificha, na kwa kiasi wamelitatua. Mtu akijiunga Bluesky, mtandao mwingine waliokimbilia watu wa Twitter, anawekwa kwenye mojawapo ya seva za kampuni, ambazo zimepewa majina ya uyoga. Kuna watu wana akaunti mwaka wa pili sasa na hawajui wanakaa uyoga gani, na hakuna wanachokosa. Utambulisho wao haujafungwa kwenye seva, kwa hiyo anayetaka anaweza kuhama na kila kitu chake. Jamii inaundwa kwingine: kwenye milisho ambayo mtu yeyote anaweza kuitengeneza, na kwenye huduma za kuweka lebo na kusafisha ambazo unajichagulia.

Kuna visa viwili ambavyo huviweka pamoja. Cha kwanza ni PlayVicious, seva ya Mastodon iliyoendeshwa na watu weusi wa Marekani. Ilifungwa mwaka 2020 baada ya matusi ya kibaguzi ya muda mrefu kutoka seva nyingine. Wasimamizi walikuwa na uwezo wote wa kukata, wakakata, lakini kukata ni kazi ya mkono, anayetukana anafungua seva mpya kesho, na wanaochoka ni wale wanaotukanwa.

Cha pili ni Blacksky. Rudy Fraser alianza mwaka 2023 na mlisho tu ndani ya Bluesky, wa kuwakutanisha watu weusi. Watu wakazoeana. Baadaye ukaja usimamizi wa maudhui wa wenyewe, halafu zikaja seva zao wenyewe. Yaani jamii ilitangulia, seva ikafuata, tofauti na sisi tunaofungua nyumba kwanza na kungoja wapangaji. Mimi ni mtu wa Mastodon na kukiri hili kunanichoma kidogo.

Na Threads?

Threads, mtandao wa Meta wenye Facebook, ilianza Julai 2023 na kuanza kuunganishwa na mtandao huu kwa majaribio mwezi Desemba, kisha Machi 2024 kwa watu wa Marekani, Kanada na Japani wanaotaka. Mamia ya seva zilitia saini kwamba zitaikata. Kama una ndugu huko na unataka kumfuata, tazama kwanza msimamo wa seva yako. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Taasisi nayo ichague seva?

Taasisi ifungue yake, hakuna mjadala. Serikali ya Ujerumani ina social.bund.de, Uholanzi ilifungua social.overheid.nl mwaka 2023, BBC ikajaribu na social.bbc mwaka huohuo. Faida ni kwamba jina la seva ndilo uthibitisho. Akaunti ya wizara iliyo kwenye kikoa cha serikali haihitaji tiki ya kununua. Hapo hatuzungumzii jamii, tunazungumzia mhuri.

Waswahili wako seva gani?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko mengine, na ndilo lililonifanya nibadili mawazo juu ya swali zima.

Ninaowafuata wanaoandika Kiswahili wametawanyika: mmoja seva ya wanateknolojia, mmoja seva ya wasomi, mwingine yuko na Wajerumani kwa sababu anaishi Hamburg, mwingine mastodon.social. Kila mmoja kwenye mlisho wake wa ndani ni peke yake. Akiandika "mambo vipi" anapita kama mpita njia. Rudi sasa kwenye lile la seva kutojua mtandao mzima. Akitafuta #Kiswahili kwenye seva ambayo hakuna mwingine anayemfuata Mswahili, anapata karibu sifuri. Anaamini hatupo, anaacha, na kweli tunapungua. Sijui dalili nyingine iliyo wazi hivi kwamba kuchagua seva ni kuchagua jamii.

Hapo kuna vitu viwili vya kufanya ambavyo havihitaji kuhama. Kila chapisho la Mastodon hubeba lebo ya lugha, na simu zetu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo tunaandika Kiswahili kikiwa na lebo ya Kiingereza. Aliyechuja mlisho wake abaki na Kiswahili hatuoni. Badilisha lebo. Na mfuate kila Mswahili unayemwona, hata asiyekupendeza sana. Ukimfuata wewe, seva yako nzima inaanza kuyaona machapisho yake.

Kisichorekebishika kwa mbinu ni usimamizi. Chukua mtu aliyejiunga jana, na mwenyeji akamwandikia tu: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Inaweza kuwa utani, inaweza kuwa kijembe cha kumwambia ajue nafasi yake, inategemea nani kamwambia nani, na baada ya nini. Mgeni akilalamika, lalamiko linafika kwa msimamizi aliye Berlin, ambaye anaweka maneno kwenye mashine ya kutafsiri na kusoma habari za kuku na kamba. Anafunga faili. Sisi ni watu ambao bibi zetu waligombana kwa kanga mwezi mzima bila kutamka tusi moja. Mipasho haitafsiriki na mashine, na msimamizi asiyeijua atamwacha mchokozi, kisha atamfungia aliyejibu kwa tusi la wazi, kwa sababu hilo ndilo mashine imelielewa.

Basi kwa nini tusifungue yetu?

Kiufundi si ngumu, na kampuni za kukuendeshea zipo. Ngumu ni usiku. Hachyderm ilikuwa seva ya watu wasiofika elfu moja kwenye kompyuta zilizokuwa chumba cha chini nyumbani kwa Kris Nóva, Marekani. Novemba 2022 wimbi la waliohama Twitter lilipokuja walifika takribani 30,000 ndani ya kama mwezi mmoja, diski zikaanza kuchoka, na kundi la watu wa kujitolea likahamisha kila kitu hadi Ujerumani seva ikiwa inatumika. Na hao walikuwa wahandisi wa kazi hiyo. Hapo hata hatujagusa kusoma malalamiko, kuangalia picha ambazo mtu hapaswi kuziangalia. Nairobi inaijua kazi hiyo: Mei 2023 wasimamizi wa maudhui zaidi ya 150, waliowahi kuzifanyia kazi kampuni kubwa za mitandao kupitia mawakala, walikutana kuanzisha chama chao, na majeraha ya akili yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Kuna na sheria. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni tangu 2018, zilizofanyiwa mabadiliko zaidi ya mara moja, zinazodai leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa watoa huduma wa maudhui. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inamtazama anayeshika taarifa za watu kama mwenye wajibu. Anayefungua seva ya kupokea umma akae kwanza na mwanasheria, siyo na mimi.

Ushauri wangu kwa sasa ni mdogo. Watu kumi na watano au ishirini wanaojuana, wasimamizi watatu walio kwenye majira tofauti ya saa, tuseme Mombasa, Melbourne na Toronto, ili usiku wa mmoja uwe mchana wa mwingine. Usajili wa kualikwa tu. Kanuni zimeandikwa kwa Kiswahili kwanza. Na mchango ukusanywe tangu mwezi wa kwanza, kabla ya mtu mmoja kuanza kulipa peke yake na kuanza kujiona mwenye nyumba.

Tukifungua, jina tunaweza kulibadilisha baadaye?

Hapana. Kikoa kikishaanza kutumika kimeingia kwenye kila akaunti, kila ufuasi, na kumbukumbu za kila seva iliyowahi kukusalimia. Kukibadilisha ni kuanza upya. Kundi moja nililolisaidia lilikuwa limekubaliana jina la utani wa chuoni, tukacheka sana, mpaka mmoja wao akauliza kama yuko tayari mama yake alitamke.